MREJESHO: Barua pepe zinazokwama kwenye foleni ya Postfix

Wakuu, niliuliza nitajuaje kama barua pepe zimekwama kwenye seva yetu ya Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua pepe) kabla wateja hawajaanza kupiga simu. Mrejesho ndio huu.

Amri ya mailq, inayoonyesha barua zilizo kwenye foleni, ilinipa orodha ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Aliyenielekeza kwenye qshape, Mungu akuzidishie. Ukiandika "qshape deferred" (deferred ni barua zilizoshindwa kufika, zinasubiri kujaribiwa tena) inapanga foleni kwa kikoa (kile kinachofuata @ kwenye anwani) na kwa umri wa barua, kwa dakika: 5, 10, 20, 40, hadi 1280 na zaidi. Kwetu karibu mzigo wote ulikuwa wa kikoa kimoja, tena barua za zamani. Kwenye logi, seva ya upande wa pili ilikuwa inajibu 450 (yaani imekataa kwa muda): anwani yetu ya IP haina rekodi ya PTR, ile inayoonyesha jina la seva yenye IP hiyo. Mtoa huduma wetu kaiweka, foleni ikaanza kupungua yenyewe.

Kilichonishtua ni hiki: bila kugusa mipangilio, Postfix inaendelea kujaribu kwa siku 5 ndipo imrudishie mtumaji barua yake, na delay_warning_time (muda wa kusubiri kabla ya kumwonya mtumaji kuwa barua imechelewa) ni 0, yaani muda wote huo haambiwi kitu. Nimeiweka 4h.

Sasa cron (kinachoendesha kazi kwa ratiba kwenye seva) inasoma "postqueue -j" (orodha ya foleni kwa muundo wa JSON, ipo kuanzia toleo la 3.1) na kuhesabu zilizo deferred, zikizidi 50 napata SMS. Onyo msilitume kwa barua pepe kupitia seva hiyohiyo, litaenda kupanga foleni na wenzake.

Aliyeshauri "postqueue -f" (kulazimisha foleni nzima ijaribiwe tena) kila dakika, hiyo hapana mkuu. Unawagongea mlango watu waliokwisha kukukataa.