Hita ya karavani: maji yanageuka vuguvugu na chembe nyeupe zinaziba mabomba

msafiri_magurudumu

Wakuu, naomba msaada kwa hita ya maji ya karavani ya kuvuta. Tangi ni la lita 23, inatumia gesi na pia umeme wa volti 120, elementi ya wati 1440. Sijui kama huu ni ugonjwa mmoja au ni mingi kwa pamoja:

Maji ya kuoga ni ya moto kwa dakika mbili tu, kisha vuguvugu, hata kama hita imewaka muda mrefu. Maji ya moto yanatoka kwa nguvu ndogo kuliko ya baridi, na ni hivyo kwenye mabomba yote. Nikiwasha gesi tangi linanguruma kama sufuria ya maharage. Nikiwasha umeme peke yake inachukua saa moja na robo ndipo maji yawe ya moto. Halafu kuna chembe nyeupe ngumu zinazoziba vichujio vya mabomba na kichwa cha bafu.

Maji yanayotumika ni magumu sana, karatasi ya kupimia inaonyesha zaidi ya miligramu 250 kwa lita. Nina mpango wa kumwaga ile asidi ya kusafishia choo ndani ya tangi nimalize kazi siku moja. Lebo ya hita imeshafutika. Nianzie wapi?

---

fundi_koki

Mkuu, asidi ya choo irudishe ilikotoka. Nyingi zina asidi ya haidrokloriki, nayo haitofautishi ukoko wa chokaa na chuma. Tangi likiwa la alumini italila waziwazi. Likiwa la chuma lenye ngozi ya kauri ndani, itapenya kwenye nyufa ndogo za ngozi hiyo na kutoboa.

Pia usikimbilie kulaumu ukoko kwa kila kitu. Ukoko unaeleza mngurumo na chembe. Hauelezi maji ya moto ya dakika mbili. Piga hesabu: tangi likiwa nyuzi 60 za Selsiasi, maji baridi nyuzi 15, na wewe unaoga kwa nyuzi 40, kila lita 6 zinazokumwagikia kwa dakika zina kama lita 3.3 tu kutoka kwenye hita. Hata tukisema theluthi mbili tu za tangi ndizo zinazofaa kabla halijapoa, unatakiwa upate karibu dakika tano. Ukipata mbili, maji baridi yanajichanganya mahali fulani baada ya hita.

Jaribio lake ni rahisi. Acha presha ya maji iwepo (pampu au mpira wa nje), funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba lolote la maji moto ndani. Yanatakiwa yatoke kidogo halafu yakate. Yakiendelea kutiririka, kuna njia ya wizi. Watuhumiwa ni watatu:

Wa kwanza ni mchepuko, yaani kile kipande cha bomba nyuma ya hita kinachounganisha upande wa baridi na wa moto ili tangi lirukwe wakati wa kuweka dawa ya kuzuia barafu. Koki yake ikisahaulika wazi, maji baridi yanapita pembeni na kuungana na ya moto. Kama michepuko mingine yote, imefichwa vizuri lakini madhara yanaonekana nyumbani.

Wa pili ni bafu la nje. Watu hufunga kitufe cha kwenye kichwa cha bafu na kuacha koki zote mbili, ya moto na ya baridi, zikiwa wazi. Hapo maji yanavukana ndani ya bomba hilo saa zote bila tone kuonekana. Mimi ningeanza hapa kabla ya kushika spana yoyote.

Wa tatu ni katriji mbovu ndani ya bomba la kuchanganya, la sinki au la bafu. Funga koki ndogo zilizo chini ya bomba moja moja uone lipi likizuiwa mtiririko unakoma.

Kuhusu nguvu ndogo upande wa moto tu: angalia valvu ya njia moja iliyofungwa pale maji moto yanapotokea, juu nyuma ya tangi. Ndani kuna kikombe kidogo cha plastiki na springi, na chembe moja ya chokaa inatosha kukikwamisha nusu. Itoe, ipulize kwa mdomo. Ikikataa kupitisha vizuri, nunua nyingine. Ukitaka kuiondoa kabisa na kuweka kiungo cha kawaida, hakikisha kwanza mchepuko wako una koki tatu. Ule wa koki mbili unaitegemea valvu hiyo kuzuia dawa ya barafu isirudi ndani ya tangi.

---

umeme_na_gesi

Naongezea upande wa joto tu, maana hapo watu hudanganyika.

Lita 23 kutoka nyuzi 15 hadi 60 zinahitaji kama kilojuli 4,300. Elementi ya wati 1440 inamaliza kazi hiyo kwa dakika 50 hivi. Ukoko ukifunika elementi haupunguzi wati zake. Joto lote bado linaishia majini. Kinachotokea ni kwamba elementi yenyewe inapata joto kali kupita kiasi ndani ya koti la chokaa, inapasuka na kufa. Kwa hiyo elementi yenye ukoko huwa inafanya kazi sawasawa mpaka siku inapokoma kabisa.

Saa moja na robo maana yake umeme unaofika ni mdogo. Wati zinafuata mraba wa volti: volti 100 badala ya 120 zinakupa wati 1000 tu, na muda unakuwa dakika 72. Pima volti kwenye vituo vya elementi (pale waya zinapofungwa) wakati inafanya kazi, si kwenye soketi ambayo haina mzigo. Elementi inavuta ampea 12. Waya wa kurefushia wa milimita za mraba 1.5 wenye mita 30 unapoteza volti 8 kwa mzigo huo peke yake, bado hujahesabu chaja ya betri na friji. Tumia waya mnene na mfupi.

Kuijua elementi yenyewe: zima breka, toa waya, weka multimita kwenye ohmu. Kati ya vituo viwili utapata kama ohmu 10. Kati ya kituo kimoja na mwili wa tangi usipate kitu kabisa. Ukipata namba yoyote hapo, elementi inavuja umeme, itupe. Usipopata namba kati ya vituo viwili, imekatika, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyewasha swichi tangi likiwa tupu. Sekunde chache zinatosha.

Kwa gesi hali ni tofauti. Moto unapita kwenye mrija uliozama ndani ya tangi, na ukoko ukilala juu ya mrija ule, joto linashindwa kuingia majini, linatokea kwenye bomba la moshi. Maji yaliyonaswa chini ya tabaka yanachemka vipovu vipovu. Ndio huo mngurumo. Kwa hiyo ndiyo, una ukoko, na gesi yako inaliwa bure.

---

mama_spana

Haya, sasa kuutoa. Kwanza jua tangi ni la aina gani, na jibu liko kwenye kizibo cha chini upande wa nje. Kizibo cha plastiki chenye uzi wa nusu inchi: alumini, haina fimbo ya kujitoa mhanga (anodi, inayoliwa na kutu badala ya tangi), ndivyo matangi ya chapa ya Atwood yalivyo. Kizibo cha chuma cha robo tatu inchi, kinachofunguliwa kwa soketi ya inchi 1 na 1/16 (milimita 27), chenye fimbo ndefu nyuma yake: ni chuma chenye ngozi ya kauri, kama ya chapa ya Suburban. Usiweke fimbo kwenye tangi la alumini kwa kudhani unalisaidia.

Kabla ya kugusa kizibo: zima gesi, zima breka ya elementi (swichi pekee haitoshi), zima pampu, toa mpira wa maji, na acha tangi lipoe, ikibidi usiku mzima. Kisha inua kishikio cha valvu ya usalama presha ishuke. Anayefungua kizibo presha ikiwa ndani anaoga maji ya nyuzi 60 usoni, na kizibo kinaruka kama risasi.

Maji yakishatoka, kumbuka tundu la kutolea liko juu kidogo ya sakafu ya tangi, hivyo lita mbili hivi zinabaki pamoja na mchanga wote wa chokaa. Ingiza mrija mwembamba wa kuoshea tangi, ule uliopinda nchani, uzungushe kila upande huku maji yakirudi nje na takataka. Endelea mpaka yatoke safi. Vipande vikubwa kuliko tundu vivunje kwa waya mnene, bila kukwaruza.

Baada ya hapo siki. Kama tangi lina fimbo, USIIRUDISHE sasa. Ni magneziamu, na asidi itaila hiyo kabla ya chokaa. Utakuwa umetumia siki lita kumi kuyeyusha fimbo. Weka kizibo cha muda cha plastiki cha robo tatu inchi. Fungua na kutoa valvu ya usalama, mimina kwa faneli kupitia tundu lake: lita 10 za siki nyeupe ya asilimia 5, halafu maji ya moto uliyopasha jikoni mpaka ifike usawa wa tundu. Maji yawe ya moto kiasi cha kushikika, si ya kuchemka. Hita usiiwashe, maana valvu ya usalama haipo na gesi ya kaboni dioksidi inayotoka siki ikila chokaa inahitaji pa kutokea. Acha saa 6 hadi 8. Tundu likiwa kimya bila mchirizo wa mapovu, ama ukoko umeisha ama siki imechoka. Lita moja ya siki inaweza kuyeyusha kama gramu 40 za chokaa, si zaidi, kwa hiyo tangi lililosahaulika miaka mingi litataka mara mbili.

Wengine wanapenda asidi ya sitriki kwa sababu haina harufu. Gramu 50 kwa lita inatosha. Lakini isiwe ya moto: chumvi ya sitriki na chokaa huyeyuka vibaya zaidi kadiri maji yanavyopata joto, inarudi kuganda kama unga mweupe kwenye kuta, na mtu anafikiri ukoko umekataa kutoka.

Toa yote, osha tena kwa mrija, jaza na kumwaga mara mbili tatu. Kabla ya kupeleka maji mabombani fungua vichujio vya kila bomba na kichwa cha bafu, vilowekwe kwenye siki kando. Usipofanya hivyo vumbi lote uliloamsha litakwenda kukwama huko, pamoja na kwenye ile valvu ya njia moja aliyoitaja fundi_koki.

Fimbo ikiwa imeliwa robo tatu, weka mpya. Tepu nyeupe ya mafundi bomba zungusha mara mbili au tatu tu kwenye uzi. Chuma bado kitagusana na chuma. Ukizungusha furushi zima, fimbo inatengwa na tangi kwa umeme, na hapo hailindi chochote.

Na klorini ya kufulia kamwe isikutane na siki. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Kama utataka kuua vijidudu, iwe siku nyingine baada ya kusuuza kabisa.

---

msafiri_magurudumu

Wakuu, shukrani. Majibu: koki ya kuingiza ilipofungwa, maji moto yaliendelea kutoka; bafu la nje lilikuwa na koki zote mbili wazi. Baada ya kuzifunga yakakata. Volti kwenye elementi ni 99 ikiwa kazini. Kizibo ni cha chuma, na fimbo imebaki waya wa katikati tu. Siki mara mbili, mngurumo umekwisha.

Mawili yamebaki. Valvu ya usalama sasa inadondosha maji kila hita inapowaka, ikipoa inaacha, imeharibika? Na nitazuiaje ukoko usirudi?

---

fundi_koki

Huenda ni nzima. Juu ya maji ndani ya tangi panatakiwa pawe na mfuko wa hewa wa kupokea maji yanapotanuka. Ulijaza tangi hadi juu, mfuko ukapotea, presha inapanda inapopashwa na valvu inafanya kazi yake (hufunguka kwenye psi 150 au nyuzi 99). Uurudishe hivi: zima hita, tangi lipoe, zima pampu na funga maji ya nje, fungua bomba moja la maji moto, inua kishikio cha valvu, maji yatoke mpaka yakome yenyewe. Achia kishikio kijifunge, funga bomba, rudisha maji. Ikiendelea kudondosha hata tangi likiwa baridi, basi kuna chembe kwenye kiti chake: inua na kuachia kwa ghafla mara mbili tatu. Ikigoma, badilisha. Usiizibe kwa kizibo hata kwa siku moja.

---

mama_spana

Kuhusu kuzuia: chujio la kawaida la mkaa halipunguzi ugumu hata kidogo, linashughulika na ladha na klorini. Unahitaji kilainisha maji kidogo cha kubebeka, chenye chengachenga za kubadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Huoshwa upya kwa chumvi ya kawaida ya mezani ikishakunywa ugumu wake. Karatasi ile ile ya kupimia itakuambia lini. Tarajia fimbo kuisha haraka zaidi kwa maji yaliyolainishwa, kwa hiyo ichungulie kila miezi sita badala ya kila mwaka.

Kama hita yako ina themostati ya kuchagua, ishushe kutoka nyuzi 60 hadi 54. Chokaa hujitenga na maji kwa kasi zaidi kadiri joto linavyopanda, na nyuzi hizo sita utaziona kwenye kiasi cha mchanga utakaotoa mwakani. Maji yakianza kunuka kama yai bovu baada ya fimbo mpya, ni vijidudu vinavyoishi kwa salfati vikisaidiwa na magneziamu: safisha mfumo kwa klorini, mililita 60 kwa kila lita 57 za maji, yapite kila bomba, yakae saa nne, suuza. Harufu ikirudi tena, badilisha fimbo uweke ya alumini yenye zinki.