Pampasi ipi inafaa kwa mtoto wa mwezi mmoja? Hesabu zimenigomea

Baba Shani
Habari za jioni wakuu. Mwenzenu nimejaliwa mtoto wa kwanza, wa kike, yuko wiki ya tano. Namshukuru Mungu. Nilidhani mtoto mchanga ni ziwa la mama na usingizi basi, kumbe kuna kodi nyingine inalipwa kila siku: pampasi.

Nimezunguka Mbagala mpaka Kariakoo na daftari mkononi. Zenye jina kubwa nimezikuta 18,000 pakiti ya vipande 40, yaani 450 kwa kimoja. Za kati, pakiti ya 40 kwa 14,000, inakuja 350. Halafu kuna zile zisizo na pakiti, zinatoka kwenye belo, unahesabiwa kama maandazi, 200 moja. Kwa pampasi 8 kwa siku, mwezi ni 108,000 kwa za kwanza, 84,000 kwa za kati na 48,000 kwa za belo. Tofauti ya 60,000 si mchezo kwa fundi viti kama mimi.

Naomba kujua, hizi za belo zina ubaya gani hasa? Ukizishika ni laini kabisa, na nilimwagia moja kikombe kizima cha maji ikanywa yote. Wazoefu nisaidieni kabla ya Jumamosi.

Konda wa Zamani
Sina mtoto wala mchumba. Nimevuta kigoda, endeleeni.

mama_watatu
Hongera sana baba. Hapo hakuna jibu moja. Wangu wa kwanza nilimvalisha za bei mbaya, akababuka mapaja yote. Wa tatu amevaa za belo mpaka ametembea, ngozi kama ya tikiti. Kila mtoto na ngozi yake. Ushauri wangu usinunue nyingi kwa mkupuo, chukua kumi za kujaribia. Ana kilo ngapi?

Bikizee
Enyi watoto wa leo, pesa mnazitia choo kweli kweli. Mie nimezaa saba Tanga na hakuna aliyevaa hiyo mifuko. Khanga ikichakaa waipasua vipande, wamfunga mwana winda, akikojoa wafua kwa sabuni ya mche na kuanika juani. Jua ndilo dawa. Usiku wamlaza juu ya mpira, wampaka mafuta ya nazi, basi. Wote saba wazima, mmoja ni mwalimu.

mama_watatu
Shikamoo bibi. Winda ni zuri kama una jua. Mimi nilizaa Bukoba katikati ya masika. Nilikuwa na nepi 24 za kitambaa na siku ya tatu zote zimelowa, nyingine zimeanikwa kwenye kamba sebuleni, nyingine juu ya tenga na jiko la mkaa chini yake. Mtoto alikuwa ananukia kama samaki wa kukausha. Moja iliungua katikati, nikamvalisha hivyo hivyo na tundu lake, baba mkwe akaja kuona mjukuu siku hiyo hiyo. Tangu hapo sijamcheka anayenunua pampasi.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Mwanaume mzima unahesabu shilingi 250 za mwanao, bia mbili za Ijumaa huzihesabu. Na mkishazitumia mnazitupa mitaroni. Mvua ikinyesha Jangwani tunaziona zinaelea zimevimba kama mito ya kulalia, halafu mnailaumu serikali.

Baba Shani
Mjumbe, mimi sinywi. Na kwangu taka zinabebwa kila wiki, nalipia.

Nesi wa Zamu
Hongera kwa mtoto. Mambo matatu.

Kwanza kile kikombe cha maji kimekudanganya. Ndani ya pampasi kuna chembechembe zinazogeuka ute zikipata maji. Zinanyonya maji matupu kwa wingi wa ajabu, lakini mkojo una chumvi, na chumvi inazikaba zisivimbe. Kwa hiyo hata pampasi dhaifu itakupendeza ukiijaribu kwa maji ya bomba. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka gramu 9 za chumvi kwenye lita moja, kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Mwagia kiasi kile kile kila moja, kidogo kidogo, subiri dakika tano, kisha kandamiza juu kwa tishu kavu. Angalia tishu. Unyevu unaorudi juu ndio unaokaa kwenye ngozi ya mtoto usiku kucha. Pampasi kunywa nyingi bila kurudisha, hapo ndipo ubora ulipo, na ulaini wa kushika kwa mkono hauna habari nayo.

Pili, mama_watatu amekuuliza kilo ukapita. Ana kilo ngapi, na hizo za belo ni saizi gani?

Tatu, Jumamosi kuna nini?

Baba Shani
Asante nesi. Kliniki alipimwa kilo 4.3. Saizi kwa kweli sikuzingatia sana, watoto wanakua haraka. Jumamosi ni mambo ya kifamilia tu. Naomba turudi kwenye swali la ubora.

Nesi wa Zamu
Saizi ni sehemu ya ubora. Zimeandikwa nini pale mbele kiunoni?

Baba Shani
L.

mama_watatu
Ati L? 😂 Mtoto wa kilo nne? Si inamfika kwapani?

Baba Shani
Mnacheka bila kuona. Unakunja pale juu mara moja, unavuta gundi mpaka zikutane, anaenea vizuri tu. Isitoshe kubwa inanyonya zaidi kuliko ndogo, hilo hata hesabu inakubali.

Nesi wa Zamu
L kwa kawaida ni ya kilo 9 mpaka 14. Inanyonya zaidi ikiwa imekaa mwilini. Ikiachia mapajani, mkojo unapita pembeni kabla haujaonja ute. Na mtoto wa kike kwa wastani anakaribia kilo 9 akitimiza mwaka mmoja. Baba Shani, nikuulize kwa upole, umeshazinunua?

Baba Shani
Kidogo.

Konda wa Zamani
Kidogo ni ngapi kiongozi? Tupe namba.

Baba Shani
Belo moja. Vipande 800.

mama_watatu
Mungu wangu.

Baba Shani
Subirini kwanza kabla ya kunihukumu. 160,000 kwa vipande 800, hapo nimelipa 200. Dukani kwetu rejareja saizi hiyo moja ni 500. Nikiuza 300 getini kwangu, vipande 550 tu hela yangu imerudi na faida ndogo juu, 250 zinazobaki zinamsubiri mtoto bure. Hii ni akili ya biashara. Pampasi hazina tarehe ya kuoza kama nyanya.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Na hiyo laki na sitini fundi viti ameitoa wapi kwa mara moja?

Baba Shani
Hilo halihusiani na ubora wa pampasi.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Linahusiana.

Baba Shani
Ni mgao wa kikoba wa mke wangu. Alinitumia nimtunzie, alitaka cherehani. Nilijua nitairudisha kabla hajauliza. Anarudi Jumamosi. Haya, mmefurahi?

Bikizee
Ntoto wa watu! Wala si pampasi tena hiyo.

Mpwani wa Kongowea
Mimi niko Mombasa. Nilifanya mchezo huo na shemeji yangu. Belo likapasuliwa juu juu mukaona mali safi, nyeupe, kufika nyumbani kulifungua lote chini kumejaa mchanganyiko: ndogo, kubwa, zengine hazina gundi, zengine zimekatwa upande mmoja tu. Hizi ni zile kiwanda kimezitupa pembeni kwa kasoro. Kasoro yaweza kuwa picha ya dubu imepinda, hiyo haina neno. Yaweza pia kuwa ute umerundikana upande mmoja, na hiyo utaijua saa tisa usiku. Zisizo na gundi tulizifunga kwa kamba za leso. Ewe ndugu, umelipasua lote?

Baba Shani
Nimelipasua nusu. Za juu nzuri. Ila kweli mke wangu analalamika zinavuja usiku, anabadilisha mpaka mara 13 kwa siku, nikadhani hajui kufunga.

Nesi wa Zamu
Basi piga upya hizo hesabu zako nzuri. 13 kwa 200 ni 2,600 kwa siku. 8 za kati kwa 350 ni 2,800. Unaokoa shilingi mia mbili, na hapo sijaweka sabuni ya kufulia mashuka wala usingizi wa mama. Kwa mtoto huyu tafuta zilizoandikwa kilo 2 mpaka 5, na ukinunua usichukue pakiti kubwa maana wiki chache tu atahitaji ya juu yake.

Chumvi ya Uvinza
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote tangu juu na kuna kitu kinanikereketa. Mke anarudi Jumamosi. Anarudi kutoka wapi? Mtoto wa wiki tano yuko na nani? Kama yuko na mama yake huko aliko, wewe uliyeko Mbagala "unakunja juu mara moja na kuvuta gundi" kwa mtoto yupi? Hii ni chai. Tena haina hata sukari.

Tazameni mpangilio wake. Kwanza katangaza bei. Akasema ni laini kabisa. Akasema inanyonya kikombe kizima. Sasa tunaambiwa anauza 300 getini. Huyu ni muuza belo, katuletea tangazo la biashara na mtoto wa kubuni.

Konda wa Zamani
Aisee. 😳 Mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Nilihisi tangu mwanzo.

mama_watatu
Wewe Mjumbe ulihisi bia tu.

Baba Shani
Mke wangu yuko kwao Muheza. Uzazi wa kwanza alienda kulelewa kwa mama yake, arobaini inaisha wiki hii. Niliwatumia vipande 60 kwa basi na namna ya kufunga nikamwelekeza kwa simu, alinipigia ya video nikaona. Sijasema nilimfunga mwenyewe.

Chumvi ya Uvinza
Ulisema "anaenea vizuri tu". Na ulipofungua uzi uliuliza kama mtu ambaye bado anafikiria kununua. Anayekuficha belo la vipande 800 atashindwa kukuficha nini?

Konda wa Zamani
Wacha nimpime mimi, njia ya Tanga nimeifanya miaka sita. Baba Shani, mzigo wako ulishushwa wapi na ulilipishwa ngapi?

Baba Shani
Barabarani pale Muheza, shemeji alisubiri na bodaboda. Walitaka 8,000, nikalia sana wakachukua 5,000. Konda alisema mzigo mwepesi lakini unakula nafasi ya watu.

Konda wa Zamani
Huyu mkweli. Maneno hayo hayo nimeyasema mimi mara mia. Mzigo mzito tunauogopa, ila mzigo mwepesi mkubwa ndio tunaouchukia, unaujaza buti na mwenyewe anataka kulipa kama kifurushi cha karanga.

Chumvi ya Uvinza
Hata muuza pampasi anatuma mzigo kwa basi. Hujathibitisha kitu.

Mpwani wa Kongowea
Muuzaji gani huyu awaambia wateja kwamba mali yake yavuja mara 13 kwa siku?

Nesi wa Zamu
Jamani, mtoto wa kubuni au wa kweli, mimi nitamjibu kama wa kweli. Baba Shani, ngozi yake ikoje? Ulipoangalia kwenye video uliona nini?

Baba Shani
Mama yake alisema ana wekundu kwenye mikunjo ya mapaja na vipele vidogo vidogo pembeni. Bibi anampaka poda. Sikutaja kwa sababu kila mtoto anababuka.

Nesi wa Zamu
Hicho ndicho ulichopaswa kuandika mstari wa kwanza. Wekundu wa juu juu usioingia kwenye mikunjo mara nyingi ni unyevu tu. Ukiingia ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele, mara nyingi fangasi wameshaingia, na hao hawaondoki kwa kubadilisha aina ya pampasi. Anahitaji dawa ya fangasi atakayoandikiwa baada ya kuonwa. Poda waache, vumbi lake linaingia kifuani. Wamsafishe kwa maji ya uvuguvugu, wapanguse kutoka mbele kwenda nyuma maana ni wa kike, wamwache bila pampasi kwa muda kila siku, ajilaze juu ya hilo winda la Bikizee. Na kama ana homa, au ana malengelenge au usaha, au anakataa kunyonya, wasisubiri Jumamosi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Bikizee
Haya. Nesi kasema winda.

mama_watatu
Baba Shani mpigie mkeo sasa hivi. Na la cherehani ulimwambie mwenyewe, asije akaliona belo mlangoni.

Baba Shani
Nitamwambia akifika, akishapumzika. Nikiuza vipande 300 mpaka Jumamosi nitakuwa na 90,000 mkononi, mazungumzo yatakuwa na uzito.

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Mazungumzo hayatakuwa na uzito, wewe ndiye utakayekuwa mwepesi.

Chumvi ya Uvinza
Mimi bado naamini ni chai. Lakini hizo L, zenye gundi nzima, zimebaki ngapi? Nina wa miezi 14, kilo 11, na niko Mbagala Rangi Tatu.

Konda wa Zamani
😂😂😂 Tangazo limefika.

Baba Shani
Mia saba na kitu. Njoo ndani kwa ujumbe. Ukichukua mia moja nakufanyia 280.

Chumvi ya Uvinza
250, na nitazipima kwa maji ya chumvi.

Nesi wa Zamu
Baba Shani, umeshampigia?