Nyuzi za njano zimevamia fensi ya nyuma ya nyumba, nifyeke yote?

MamaShamba
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nipo Tanga, njia ya Pongwe. Fensi yetu ya nyuma ni michongoma, upande wa jirani minyaa, na kwenye kona nilipanda mpasheni na fiwi. Vingine vyote vimejiotea, na nimeviacha makusudi nione vinaendaje. Masika yakianza na yakiisha napiga picha kwa simu nikiwa nimesimama palepale kwenye karo la kufulia, na vuli hivyohivyo.

Ukizipanga hizo picha unaona mengi. Mkwamba ulioota chini ya michongoma, bila shaka kwa mbegu za ndege, sasa umenipita kimo, na ukizaa vile vitunda vyeupe watoto wanagombania na ndege. Mvua zikianza mchunga unajaa, nachuma mboga. Kongwa linatandaa penye unyevu mpaka jua la kaskazi lilikaushe.

Sasa tangu vuli iliyopita kumeingia nyuzi za njano zisizo na jani hata moja. Zilianzia kwenye mpasheni, zimeshafika kwenye michongoma. Nikiangalia kwa karibu, uzi umejisokota kwenye tawi, na pale unapogusana na gome umetoa vinundu vidogo vilivyong'ang'ania. Ukivuta, uzi unakatika, vinundu vinabaki. Matawi yameanza kunyauka. Baba watoto anataka tung'oe kila kitu tujenge ukuta wa tofali. Mimi fensi hii naipenda sana. Nishaurini.

Mzee wa Bustani
Marahaba mwanangu. Huo ni mlangamia. Mbegu yake huota ardhini kama mimea mingine, lakini uzi ukishapata mti wa kunyonya, mzizi wake hufa na hauhitaji tena udongo. Hivyo vinundu ndivyo midomo yake, vimeingia ndani ya tawi. Ndiyo maana kuvuta hakusaidii: kikibaki kipande kwenye tawi kinachipua upya. Kata tawi lenyewe, shuka kama shubiri moja chini ya pale mlangamia uliposhikilia. Michongoma inavumilia kukatwa, itachipua. Mpasheni kama umeshalemewa, utoe wote.

Kijana wa Korogwe
Kwa nini ujichoshe mama? Nunua dawa ya kuua magugu, puliza fensi yote, kazi imeisha.

Mzee wa Bustani
Hapana kijana. Mlangamia umeungana na mti, dawa ya kuua magugu itaua na michongoma. Na mchunga anaouchuma kwa mboga je? Afadhali panga na uvumilivu.

Bi Saumu
Mwanangu, fensi usiing'oe. Ukikata upande wa minyaa funika macho, ule utomvu ukiruka jichoni ni balaa, na mikono uioshe kabla hujamshika mtoto. Tena kagua kama kuna upupu. Ukiuona ung'oe ungali mchanga, kabla ya maganda kukauka, maana yakikauka upepo tu unatosha kuwasha nyumba nzima. Mkwamba uache.

MamaShamba
Asanteni sana. Upupu sijauona. Nitakata wiki hii. Hayo matawi niwape mbuzi au niyatupe jalalani?

Mzee wa Bustani
Usitupe jalalani! Kipande cha uzi kikiangukia mmea mwingine kinaweza kushika tena. Na mbuzi usiwape kama mlangamia umeshatoa maua au mbegu, kwa kuwa mbegu hupita tumboni zikiwa hai na utazirudisha shambani na samadi. Tandika turubai chini, katia juu yake, kausha palepale, kisha choma. Hizo mbegu zinaweza kulala udongoni miaka kadhaa, kwa hiyo picha zako endelea nazo, ila mvua zikianza sogea karibu na fensi upige chini kabisa, usawa wa ardhi. Miche yake ni kama uzi mwembamba uliosimama unaotafuta pa kushika. Ukiing'oa hapo, kidole kimoja kinatosha.

MamaShamba
Nimekuelewa mzee wangu. Baba watoto nimemsomea, amekubali kusubiri mpaka masika yaishe.