Kusaga anatasi: gololi za chuma au za zirkonia (kauri ngumu), kavu au kwa ethanoli?

Maabara_NRB: Wadau, nataka kupunguza ukubwa wa chembe za anatasi bila kuigeuza rutili (zote ni TiO₂, oksidi ya titani, ila atomu zimepangwa tofauti). Mtungi wa kinu ni ml 250, unajizungusha huku ukizungushwa na sahani. Gololi za chuma za mm 10 zinapatikana kwa wauza beringi Barabara ya Kirinyaga. Za zirkonia ni ghali.

FundiKinu: Kinachogeuza muundo ni pigo. Chembe ikinaswa kati ya gololi mbili hubanwa na kuburuzwa kwa pamoja, atomu zinasogea, na anatasi (gramu 3.9 kwa sentimita ya ujazo) hujipanga kwa kubana zaidi: mara nyingi TiO₂-II (mpangilio mwingine wa TiO₂) kwanza, halafu rutili (4.25). Tanuri huhitaji mamia ya nyuzi kufanya hivyo, kinu hakihitaji. Chuma kina gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo na zirkonia 6, kwa hiyo gololi za ukubwa mmoja, mwendo mmoja, za chuma hugonga zaidi. Kwa lengo lako mm 10 ni kubwa mno hata zikiwa zirkonia. Chukua mm 3.

Mama Fuwele: Naunga mkono, na chuma pia humeguka ndani ya unga. Asidi ya hidrokloriki ya mola 1 huondoa chuma kilicho huru, ila kilichokwisha kuingia kwenye fuwele hakitoki. Unga ukiwa kijivu usihukumu haraka, maana kusaga kavu muda mrefu hung'oa oksijeni pia. Choma kidogo hewani kwa nyuzi 400: ukirudi mweupe ilikuwa oksijeni, ukiwa wa manjano au kahawia ni chuma.

FundiKinu: Ethanoli basi, ifunike gololi kidogo tu, inapunguza makali ya pigo. Gololi kwa unga 10:1 kwa uzito, saga dakika 10, pumzisha 10. Mtungi ufunguliwe ukishapoa, mbali na moto. Kwenye kipimo cha fuwele kwa eksirei ya shaba tazama vilele kwenye pembe za 25.3° (anatasi), 27.4° (rutili), 31.5° (TiO₂-II). Vilele vikipanuka, usiseme ni udogo wa chembe peke yake. Msongo ndani ya fuwele huvipanua vilevile.

Feriti254: Kwangu mvurugo huo wa fuwele ndio ninaoutafuta. Katika ZnFe₂O₄ (feriti ya zinki) zinki hukaa kati ya oksijeni nne, chuma kati ya sita. Ukisaga kavu kwa nguvu, baadhi ya atomu za zinki na chuma hubadilishana nafasi na unga huanza kuvutwa na sumaku. Hapo gololi kubwa za zirkonia zinafaa. Za chuma zitakudanganya, kwani vipande vyake navyo huvutwa. Na usiuchome baadaye: joto hurudisha atomu kwenye nafasi zake.