Mrejesho: mguu wa farasi kwenye Blender umekubali

Wakuu, asanteni sana. Kwa ambaye hakuona swali: modeli yangu ya mifupa ya miguu ya farasi kwenye Blender (programu ya kompyuta ya 3D), ya kufundishia anatomia na uhuishaji, ilikuwa ikitembea bega limeganda na mguu wa mbele unajikunja vibaya.

Kosa kubwa lilikuwa bega. Farasi hana mtulinga (mfupa unaounganisha bega na kifua). Mguu wa mbele umeshikwa kiwiliwilini na misuli tu, kwa hiyo kombe la bega huteleza juu ya mbavu kila hatua. Mimi nilikuwa nimelifunga kwenye uti wa mgongo! Nimelifungua, na mwendo umebadilika palepale. Halafu lile “goti” la mbele ni kifundo cha mkono, kiwiko kiko juu kabisa usawa wa kifua. Nimerekebisha.

Mguu wa nyuma, goti na kifundo cha mguu sasa vinakunjana pamoja, kama mlivyosema.

Vile vijifupa viwili vyembamba, ubavuni mwa mfupa mrefu chini ya kifundo, nilikuwa nimevifuta nikidhani ni uchafu wa skani. Kumbe ni mabaki ya kidole cha 2 na cha 4. Nimevirudisha, na leo nahangaika na vijifupa vidogo vya nyuma ya kiungo cha juu ya kwato.