Mrejesho: makadeti weusi wa West Point

Wakuu nimerudi. Niliuliza nianzie wapi kuandika historia ya makadeti weusi wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi kule Marekani, mkaniambia nisianze na waliohitimu tu, niangalie na waliofukuzwa, na kweli mmenifungua macho. Henry Flipper ndo wa kwanza kumaliza, 1877, ila James Webster Smith aliingia 1870 akafukuzwa 1874, cheo cha uofisa kaja kupewa 1997 keshakufa zamani. Halafu Johnson Whittaker, kadeti mwingine mweusi, 1880 kakutwa kafungwa kitandani, sikio limechanwa, damu kibao, wakubwa wa chuo wakasema eti kajifanyia mwenyewe! Imeniuma sana hii. Sasa majina nayapanga kwa mwaka mtu alioingia, sio aliomaliza, ili na hawa wawepo. Asanteni mno.