Naomba ushauri: narudi Maskati, nataka kufika Ibra kutafuta jamaa wa babu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mliokaa Oman.

Niko Unguja. Niliishi Ruwi, mtaa wa Maskati, miaka minne nikifanya kazi dukani, nikarudi nyumbani 2015. Januari nakwenda tena kwa wiki mbili, kuwaona mashoga zangu wa zamani, na zaidi kumtafuta mdogo wake babu, au wanawe. Yeye aliondoka Unguja 1964, sisi tukabaki. Tulichonacho ni picha moja: amesimama mbele ya mlango wa nakshi, na nyuma ya picha pameandikwa kwa herufi za Kiarabu, "Ibra, 1974. Nimefika salama." Bibi aliiweka ndani ya msahafu wake mpaka alipofariki.

Kutoka Ruwi hadi mji huo wa Ibra ni kama saa mbili kwa gari, na miaka yote ile sikwenda. Linaniuma mpaka leo.

Namba zote za zamani nimepiga, hazipatikani. Wazee wa Malindi, hapa hapa Unguja, wananitajia kabila tu, nalo lina watu wengi mno.

Je, nikifika nianzie ofisi ya wali, yaani mkuu wa wilaya, au kwa sheikh wa kabila? Na lile soko la wanawake la Jumatano pale Ibra, nikienda na picha nikawauliza kina bibi kwa Kiswahili, ni adabu? Wengine kule wamezaliwa huku kwetu. Sitaki kabisa wadhani nimefuata mirathi. Nataka kuwajua tu, na wao watujue.